Historia ya Marehemu Ngadiran bin Kartorejo, Aliyetoka Kuilinda Taa

Ndugu waombolezaji, assalamu alaikum. Kabla ya ngoma ya mti kupigwa kwenye kibanda cha walinzi usiku wa kuamkia leo, kabla ya kelele zilizowatoa vitandani, ilisikika kwanza ndoo, ndoo ya bati ikiangukia majini, mara moja tu, kisha kimya, na aliyeisikia ni mkwe wa marehemu, Endah, akiwa ndani ananyonyesha, akadhani Baba ameteleza, akaita, "Baba? Baba!", na mpaka sasa tunaposoma haya, jeneza likiwa mbele yetu, nyumba hii bado inasubiri aitike.

Maneno haya yameandikwa asubuhi hii hii na Endah, mwili ukioshwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo palipopungua mtusamehe.

Marehemu Ngadiran bin Kartorejo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, hapa hapa Sumberlegi, wilaya ya Mojokerto, katika nyumba iliyokuwa pale unapopita leo ukuta wa kiwanda cha vioo, akiwa mtoto wa kwanza na wa mwisho wa mama yake, Ngatemi, kwa kuwa mama huyo alifariki alfajiri ile ile, mtoto hata hajafutwa damu, akalelewa na bibi yake, Sainah, yule muuza tempe, soya iliyochachushwa, ambaye wazee waliopo wanamkumbuka kwa ulimi wake mkali na mizani yake ya haki.

Alianza shule ya msingi ya hapa kijijini mwaka 1968 na kumaliza mwaka 1974, hakuendelea, si kwa kukosa akili, bibi alikuwa amezeeka na mashamba ya mpunga yalihitaji mikono, akalima mpaka mwaka 1979 alipojifunza kufyatua tofali, na nyumba nyingi mlizotoka kuja hapa leo zimejengwa kwa tofali zake, alizozichoma kwa makapi ya mpunga na kuzikeshea kama mtu akeshavyo na mgonjwa. Mwaka 1996 mashamba yalipouzwa kwa wenye viwanda, udongo wa tofali ukaenda na mashamba, akafanya vibarua vya hapa na pale, na kuanzia mwaka 2009 hadi juzi alisimama na filimbi kwenye njia panda, akisimamisha malori ili watoto wa shule wavuke, na mnajua maneno yake, "Vuka, mama, vuka haraka, huyu dereva bado hajanywa kahawa!", na madereva wenyewe wakicheka na kumtupia sigara dirishani.

Alifunga ndoa na Surtinah binti Dulkarim, wa kijiji cha Kalianyar, tarehe 12 Agosti 1985, wakajaliwa watoto wawili, Winarti, aliyezaliwa mwaka 1987, na Puguh, aliyezaliwa mwaka 1995, mume wa Endah, ambaye usiku wa jana alikuwa zamu kiwandani na akapata habari hizi kwa simu, akiwa bado amevaa glavu za kukinga moto.

Kuna jambo moja ambalo kila mtu hapa analijua kuhusu marehemu, nalo ni kwamba katika kenduri zote, karamu za dua za kijiji hiki, hakula kuku. Alipokea kikapu chake cha chakula kama wengine, akala wali, akala tempe, paja la kuku akampa mtoto aliyekuwa karibu, na wangapi kati yenu mmekula kuku wa Ngadiran, huku mkimtania, "Mzee, wewe majogoo wanakudai nini?", naye akijibu, "Meno yangu haya ni ya tempe, kuku atayavunja." Ilikuwa ni utani wa kijiji kizima na hakuna aliyeuliza zaidi.

Tarehe 9 Januari 2023 Endah alijifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza wa marehemu, na kwa kuwa Puguh alikuwa kazini, ni babu aliyeliosha kondo la nyuma kwa mikono yake, akalilaza kwenye chungu, akalizika kushoto mwa mlango kama desturi ya mtoto wa kike, akafunika kwa tenga na kuweka taa, kwa sababu kondo ni ndugu wa mtoto na ndugu wa mtoto halazwi gizani mpaka zitimie siku thelathini na tano. Siku ya tano tulimpa mtoto jina, Kinasih, na baada ya wageni kuondoka Endah alimletea Baba paja la kuku, akamwambia, "Baba, leo huna ujanja, hili ni la mjukuu wako." Ndipo akasimulia.

Alisema alipokuwa na miaka saba, kwenye karamu ya jando, aliomba kipande cha pili cha kuku, na mtu mzima mmoja, mbele za watu, akamwambia, "Mama yako umeshamla, na kuku pia unamtaka?" Watu wakacheka. Hivyo ndivyo alivyojua mama yake alikufaje, maana bibi alikuwa hajamwambia, na tangu siku ile nyama ya kuku ilikataa kupita kooni. Miaka hamsini na minne, ndugu zangu, na sisi tulikuwa tunacheka. Kisha akasema, "Mama Kinasih, nyumba ni nyumba, hapa patatokea mengi. Lolote litakalotokea, msimtwike mtoto." Endah akamwahidi, akadhani ni maneno ya wazee tu. Baba akauma lile paja mara moja, akatafuna, akacheka, akasema, "Kumbe ni kuku tu."

Katika historia kama hii hapa ndipo husomwa ugonjwa. Marehemu hakuugua. Jana jioni alikula, akamwogesha mjukuu, akatania kwamba pua ile ni yake.

Taa ya mafuta ilikuwa inazimwa na upepo, kwa hiyo marehemu alivuta waya kutoka barazani, akaungaunga kwa utepe, akaning'iniza balbu chini ya tenga, kama wanavyofanya wengi hapa, na mvua ya jana iliponyesha, maji yakashuka kutoka upande wa viwanda, kule walikoinua ardhi kwa kifusi, yakajaa ua. Endah alimwambia, "Baba, acha, mvua itakatika," naye akajibu kutoka mlangoni, "Nyonyesha mjukuu wangu wewe, maji haya yananijua," akatoka na ndoo ya mchanga ili akizibie chungu, na balbu hakuizima, kwa kuwa taa ile haizimwi. Alipolinyanyua tenga, waya uliachia pale ulipoungwa, ukagusa maji. Ndipo ikasikika ndoo.

Endah alikwisha kuweka mguu kwenye ngazi ya baraza, mtoto kifuani, jirani yetu Samiaji aliporukia juu ya uzio akipiga kelele, "Rudi! Usikanyage maji! Zima umeme kwanza, Endah, umeme!", na bila sauti ile leo hii zingesomwa hapa historia tatu. Marehemu alifikishwa kituo cha afya, na saa tisa usiku wa kuamkia leo Alhamisi, tarehe 2 Februari 2023, daktari akatuambia kwamba hakuna la kufanya.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliojaribu hata hivyo, inamshukuru Samiaji, walinzi wa zamu walioipiga ngoma, majirani waliopika na kuchimba, wafanyakazi wenzake Puguh waliokuja na sare zao za kazi, na madereva wa malori waliosimama wenyewe leo asubuhi pale njia panda, bila filimbi.

Limebaki moja. Wakati mwili unaoshwa, nje ya ukuta wa bafu, kuna aliyesema, "Kaingia mmoja, katoka mmoja, mtoto yule ana kisirani." Endah aliyasikia, mtoto akiwa mikononi. Hatumtafuti aliyesema, huenda ni hofu tu iliyomtoka, sote tumeshtuka. Lakini maneno hayo hayo yalisemwa hapa kijijini mwaka 1961 kuhusu huyu tunayemzika.

Basi imamu atakapowauliza kama marehemu alikuwa mtu mwema, mtajibu mnavyojua, lakini sisi tunawaomba na jibu la pili. Kinasih akikua ataambiwa babu yake alikufa kwa umeme usiku wa mvua, na huo ni ukweli mtupu. Alitoka kwa ajili ya taa ya nani, hilo asilisikie, si kisimani, si shuleni, si kwenye karamu akiomba kipande cha pili cha kuku. Leo usiku taa itawashwa tena, ya mafuta, juu ya ngazi, na Puguh atakesha nayo.

Baba, lala pakavu. Siri yako ya kuku tumeitoa nje mara moja tu, kwa ajili ya mtoto, na inaishia kwa hawa waliosimama hapa. Sisi wa nyumbani tunaanza kuahidi, ninyi mtufuatie: hatutamwambia mtu mwingine.