Ukuta Uliokuwa Nyuma ya Magunia

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa jumuiya. Leo nimesimama kumshukuru Mungu kwa sababu ya ukuta ulioanguka, na nawaomba mnivumilie nikianza mbali kidogo.

Wengi mnanijua kama mtu wa kupita. Shule niliacha darasa la tano nikaanza kutembea. Nimeanika dagaa wa usipa kule ziwani, nimewapikia mafundi Liparamba, nimeuza maandazi Litumbandyosi. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kujiuliza, huyu anayenichekea anataka nini? Nikishajiuliza hivyo, nafunga mizigo.

Msimu huu wa kahawa nilifika hapa Kitura na mwanangu Sekunda, mtoto wa miaka mitatu. Mwenye shamba alikubali nichume, lakini akasema mtoto asiingie, miti imepigwa dawa. Bila mahali pa kumwacha Sekunda, kazi hakuna, na safari inaanza upya.

Nikaenda kwa Mama Ndunguru, anayelea watoto mchana nyumbani kwake kwa kibali cha ustawi wa jamii. Nikampa shikamoo, akaniitikia vizuri, ila nafasi hakuna. Idadi aliyoruhusiwa ilikuwa imejaa.

"Nikimwingiza mmoja zaidi, wananifungia," akasema. "Nimeomba niongezewe. Afisa anakuja kukagua, subiri."

Ndugu zangu, sikuamini. Nilidhani nafasi imewekewa mtoto wa mtu mwenye uwezo. Siku ya ukaguzi nikaenda kukaa kibarazani pake nisikie mwenyewe.

Afisa alikuwa dada kijana, amekuja na pikipiki, kofia ngumu mkononi. Alipima chumba cha watoto kwa futi. Alipofika kwenye magunia akasimama. Mnajua desturi yetu: kahawa ikishakauka inalala ndani na watu, imepangwa ukutani mpaka juu, hadi siku ya kuuzwa.

"Hapa sihesabu," akasema. "Penye mzigo si nafasi ya mtoto. Toeni magunia, fungueni mlango wa pili upande huu, na awepo mtu mzima mwingine wa kushinda na watoto. Hapo idadi itaongezeka. Na siku ya kuhamisha, mtoto yeyote asiwe ndani." Kisha akauliza, "Mtayapeleka wapi?"

Moyo wangu ukasema, huyu hapa! Afisa wa watoto kahawa inamhusu nini? Alipoondoka nikamwambia Mama Ndunguru kwamba wezi watakuja.

"Mama Sekunda, umetembea mpaka unaona mwizi chini ya kila kofia."

Mumewe, Mzee Ndunguru, alikuwa upande wangu. "Kahawa yangu haijawahi kulala nje ya nyumba hii. Haitaanza leo kwa sababu ya futi."

"Basi lea wewe hao watoto," mkewe akamjibu, "mimi nilale na kahawa yako."

Mzee akacheka, akashindwa. Wakakubaliana kuyahamishia magunia kwa mdogo wake Mzee. Nikaacha wazo la kuchuma, nikajitolea kuwa yule mtu mzima wa pili, na nia yangu ilikuwa kulinda magunia yasiibwe siku ya kuyatoa.

Siku ya kuhamisha, watoto walikuwa uani wanakunywa uji, na Sekunda alikuja nami. Mimi nilisimama mlangoni nikimkazia macho kila aliyebeba. Gunia la mwisho lilipovutwa, tuliona ukuta umevimba. Mvua za mwaka huu zilishuka mlimani nyuma ya nyumba, zikayala matofali mabichi kwa chini. Wabebaji waliruka nje. Ukuta ukaja ndani wote, ukalala pale pale ambapo mikeka ingetandikwa.

Nilikimbia kumkumbatia Sekunda. Akalalamika namwaga uji wake.

Mama Ndunguru alikaa chini, kanga mdomoni. "Kila mwaka," akasema, "siku ya kuuza, wapakiaji wanaingia saa ya watoto kulala. Wanairuka miguu ya watoto wakitoa magunia."

Kahawa ndiyo iliyokuwa imeushikilia ukuta ule, na kahawa lazima ingetoka.

Ukuta umejengwa upya kwa matofali ya kuchoma, na una mlango. Afisa alirudi, akapima tena, akaongeza idadi. Nilimvuta pembeni nikamuuliza, "Dada, ulijua?"

"Sikujua," akasema. "Niliuliza kahawa inakwenda wapi kwa sababu wengine wanaihamishia jikoni wanakopikiwa watoto, halafu nikiondoka inarudi."

Bado namtazama kwa jicho la pembeni, Mungu ananiona. Hata wezi bado nawasubiri, na hawajaja. Lakini mizigo yangu sijaifunga. Nashinda na watoto wale, na wakilala natembea nikigonga kuta kwa ngumi, nasikiliza.

Namshukuru Bwana aliyetumia futi ya mtu nisiyemwamini. Nawe uliyeketi nyuma karibu na mlango, tayari kuondoka, nakujua, maana hapo ndipo nilipokuwa nakaa mimi. Usingoje mashaka yaishe. Njoo nayo mbele, ukae. Mimi nilikuja na yangu yote, na saa hii mwanangu amelala salama kwenye mkeka wake.