Jane Akining'inia Ukingoni

Basi dogo lilikuwa limekwisha kuiacha Mpitimbi pale mzee Kajetani, jirani yangu wa kiti, alipomwomba ushauri Shamimu, msichana waliyetoka kufahamiana naye, kuhusu mchezo wa mapigano uliokuwa kwenye simu yake.

"Kishikilie kitufe, baba, moto ukue mkononi, ndipo uachie. Wewe unarusha cheche za kiberiti."

"Kusubiri nakujua, nimelima kahawa. Tatizo mpinzani wangu ni binti yangu, Jane, anasoma Dodoma. Tunacheza kila Jumapili baada ya misa. Mtu wake akiponyoka, akabaki ananing'inia ukingoni mwa jukwaa, mimi namsubiri apande."

"Hapo ndipo pa kumpiga."

"Ananing'inia, mwanangu."

"Ni katuni, baba."

"Juu ya kichwa chake pameandikwa Jane."

Nimefundisha maadili chuoni miaka mingi. Nilifunga kitabu changu nisikilize.

Mzee alikiri kwamba Jane amemwonya: akihurumiwa tena, ataacha kucheza naye. Na bila mchezo huo, maongezi yao huishia kwenye salamu. Basi Shamimu akampa mazoezi: mpinzani awe simu yenyewe, ila kwa jina la Jane.

Tulipoingia Majengo, Jane wa mazoezi alikuwa ananing'inia. Kidole cha mzee kilikandamiza kitufe, moto ukavimba hadi ukajaza nusu ya kioo.

"Achia, baba," alisema Shamimu akishuka.

Basi lilikuwa limesimama kabisa. Mzee aliinamia simu.

"Panda, mama," alinong'ona. "Panda kwanza, nikupige."