Daftari la Kapteni

Jumatatu, kapteni alipofariki, Chebet aliyekuwa akimtunza alihofia binti wa marehemu angeona daftari la orodha za kumwogesha babake, akadhani mzee alidhihakiwa. Leo, ndani ya basi mjini Laurel, alimsimulia abiria mwenzake, Mzee Festus.

"Alikuwa rubani wa kujaribu ndege za jeshi, kisha mwanaanga. Uzeeni hakukubali kuoga mpaka nimsomee orodha ya ukaguzi niliyoiandika daftarini, kama anarusha ndege. Maji? Tayari. Sabuni? Tayari."

"Kwa hiyo ulimchezea mzee wa watu, dada."

"Nilimheshimu. Bintiye amelisoma lote asubuhi hii, akanikumbatia. Akasema babake hakuwahi kuondoka nyumbani bila orodha."

"Huyo ana huruma tu. Mchezo ni mchezo," alisema Festus, akibonyeza kengele ya kushuka.

Chebet alishusha pumzi. Mazishi ni Ijumaa, naye ataketi na familia.