Mama Limitedi na Mtoto Wake wa Tatu

Ndugu waombolezaji, nani kati yenu amewahi kuona mama anaacha watoto watatu, wawili wanalia hapa mbele, na wa tatu hana hata macho ya kulilia? Mliomzoea marehemu mmeshajua namsema nani, wengine nivumilieni, nitafika, ingawa nimepewa dakika kumi na mwenye saa ni shemeji yake mkubwa, ambaye anaiangalia tangu niliposimama.

Marehemu, shangazi yangu, dada wa pekee wa baba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akawa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kunyamaza, na masomo yake yakaishia hapo kwa sababu ada ya sekondari ilitosha mtoto mmoja, akapewa baba yangu, ambaye naye alinisomesha mimi hadi shahada ya sheria, shahada ambayo hadi leo iko ndani ya bahasha na imeingia ofisi nyingi kuliko tarishi. Shangazi hakuniuliza hata siku moja kama nimepata kazi, aliniuliza kama nimekula, kisha akanipa faili nimpangie.

Mwaka 1974 alianza kujifunza kuvisha makochi, na tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na seremala aliyetengeneza fremu chumba cha pili cha karakana ileile, mume anaunda mifupa, mke anatia nyama, ndivyo walivyotaniana, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1983 na wa kike mwaka 1987.

Mtoto wa tatu alizaliwa tarehe 2 Agosti 2004, kwenye kaunta namba nne ya ofisi ya usajili wa makampuni, na uchungu wake ulianza mwaka mmoja kabla, pale viti walivyotengenezea ukumbi fulani vilipovunjika vikiwa na watu, mwenye ukumbi akashtaki, dalali wa mahakama akaja nyumbani akabeba kitanda cha marehemu na godoro lake, maana karakana yao na wao wenyewe walikuwa kitu kimoja mbele ya sheria. Wakili akamwambia, "Mama, sajili kampuni, sheria itaihesabu kuwa mtu, itakuwa na mali yake na madeni yake, wewe ubaki na kitanda chako." Shangazi akamjibu, "Kumbe bado naweza kuzaa."

Tangu siku hiyo mtaa ukamwita Mama Limitedi, naye akalivaa jina hilo kama nguo ya sikukuu. Alikuwa na mikoba miwili, mweusi wa kampuni na wa maua wake mwenyewe, na hakutoa hata nauli katika ule mweusi, na mwanawe mkubwa alipojibebea kochi bila kuandika alimfuata hadi kwake na stakabadhi mkononi, akamwambia, "Usimwibie mdogo wako." Mafuriko yalipofunga karakana miezi mitano, watu wa kodi walitaka fomu zao vilevile, mafundi wakamcheka, eti bosi unajaza nini na hatujauza hata mto, yeye akaandika sifuri mstari kwa mstari, akasema, "Mtoto akiitwa huitika, hata kama hana la kusema." Sisi wasomi hiyo tunaiita nil return, nami nilikaa darasani miaka minne sikufundishwa vizuri hivyo.

Mume wake alifariki tarehe 19 Novemba 2016, na hapo ndipo mwanamke huyu asiyekosea fomu alipokosea moja tu. Walikuwa wakurugenzi wawili, yeye na mumewe, na ofisi ikataka amwondoe marehemu kwenye daftari, achague sababu, amejiuzulu, ameondolewa au amefariki. Nilimjazia mara tatu, na mara tatu aliirudisha bila saini, akisema, "Hajajiuzulu, sijamfukuza, na hilo la tatu mkono wangu hauliandiki." Karani alipomuuliza mbona mzee haonekani, alijibu kwamba yuko mapumzikoni.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, akitoka huko anapitia karakana kunusa gundi, na tarehe 11 Mei 2024, saa nne asubuhi, akatutoka, baada ya kuniambia kwamba ile fomu ataisaini akiruhusiwa kutoka wodini.

Kwa hiyo leo kampuni ina wakurugenzi wawili kwenye daftari, na wote wawili wako chini ya udongo mmoja. Haijafa, sheria haiiziki kwa sababu mama yake amezikwa, ila haina mkono wa kusaini, na mafundi tisa walioketi pale nyuma wana viti arobaini vya zahanati wasivyoweza kumaliza, kwa sababu Jumatano mashemeji wawili wa marehemu walikuja na futi ya kupimia, wakaondoka na cherehani kubwa ya ngozi, "kwa usalama". Wazee wangu, heshima yenu iko palepale, lakini cherehani ile haikuwa ya shangazi, aliyefariki hakuwahi kuimiliki, ni mali ya kampuni, kinachorithiwa ni hisa, na hisa hazibebwi kwenye mkokoteni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopika na kufagia bila kuitwa, wateja, na mafundi waliolibeba jeneza ambalo ndani wamelivisha kwa mikono yao, mishono imenyooka, angeikagua na kukosa la kusema.

Shangazi, lala, kitanda hiki hakuna dalali wa kukigusa. Nanyi watoto wake wawili, Jumatatu saa mbili asubuhi mfike mahakamani na vyeti vyote viwili vya vifo, muombe usimamizi wa mirathi, mpate mamlaka ya kuteua wakurugenzi walio hai, fomu ya baba yenu ninayo, imejazwa, inasubiri mkono tu. Na nyinyi wazee wawili, saa hiyohiyo cherehani ya yatima iwe imerudi mezani pake, na sindano yake.