Maisha na Kifo cha Samawati, Mchanganyaji wa Rangi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza mwenzetu, familia inaomba mtulie kidogo tuwasomee maisha yake, na inaomba radhi mapema, kwa sababu habari hii haitakuwa tamu masikioni, nasi hatukuona sababu ya kuipamba.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Samawati, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa vichwa vya treni. Alianza shule ya msingi Januari 1969, akafaulu kuingia sekondari, lakini baba yake alipovunjika mguu kazini ikabidi aache masomo akiwa kidato cha tatu, akabaki na kitu kimoja alichokipenda, kuchezesha mpira mtaani, na alikuwa refa mkali kiasi cha kumtoa kaka yake uwanjani kwa kadi nyekundu, wakalala chumba kimoja bila kusemezana.

Tarehe 2 Juni 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo kilicho nyuma ya stesheni, idara ya rangi, kazi yake ikiwa kuchota unga wa rangi kwenye mapipa kwa mikono mitupu, kuuchanganya na maji ya moto na kuumimina kwenye matangi huku mvuke ukimpanda usoni, na haukupita muda mikono yake ikawa ya bluu mpaka viwikoni, rangi isitoke kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa, ndipo watani wakampa jina.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985 na mshonaji wa hapa mtaani, ambaye alizoea kusema ameolewa na wanaume wawili, mmoja mweusi na mmoja wa bluu, na wa bluu ndiye mwenye adabu. Walijaliwa watoto watatu, na alipozaliwa binti wa kwanza, mwaka 1987, marehemu aliacha sigara. Tunalisema hili waziwazi, maana imeshaanza kunong'onwa hapa hapa msibani kwamba sigara ndiyo iliyomuua.

Mwaka 2003, akiwa mwakilishi wa wafanyakazi, aliomba glavu, barakoa na feni ya kutoa mvuke, meneja akamjibu kwamba kampuni inawapa glasi ya maziwa kila Ijumaa, na maziwa husafisha mwili. Glavu zilikuwepo stoo, zikitolewa wakaguzi wakija na kufungiwa tena wakishaondoka. Wakati huo, kama tulivyokuja kuelezwa, rangi za aina ile zilikuwa zimeshapigwa marufuku katika nchi nyingi, kwa sababu ilijulikana zinaleta saratani ya kibofu cha mkojo, zikawa zinatafuta pa kwenda, zikaja kwetu, zikaingia kwenye mapafu na ngozi ya baba wa watu.

Alistaafu mwaka 2016, na Agosti 2018 akaanza kukojoa damu. Zahanati ya kwanza ilisema ni kichocho, ya pili maambukizi, ya tatu ikasema ni uzee, akawa anabadilishiwa vidonge tu mpaka Machi 2021, alipofika hospitali ya rufaa mbele ya daktari wa kike, mdogo kuliko binti yake, aliyemuuliza anafanya kazi gani. Alipomaliza kusimulia, daktari akasema, "Mzee, huko kote ulikopita hakuna aliyekuuliza?" Dada yake, aliyekuwa naye chumbani, anasema marehemu hakulia alipotajiwa saratani, alilia alipoambiwa kwamba ingeweza kuzuiwa.

Baada ya kibofu kuondolewa, alikwenda kiwandani na mfuko wake wa mkojo ubavuni, akasimama getini akitaka vijana wa idara ya rangi wapewe glavu. Meneja hakutoka, alimtuma mlinzi aseme kwamba Samawati alikuwa mvuta sigara. Marehemu alimjibu mlinzi taratibu, "Mwambie sigara nilivuta miaka saba. Rangi yao nimeivuta thelathini na sita."

Saratani ilirudi, ikaingia kwenye mifupa, akafariki tarehe 3 Mei 2023, alfajiri, wodi namba nne, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Msituambie ni bahati mbaya. Aliyekuwa akipakua mapipa alikwenda hivyo hivyo, na mpimaji wa rangi hivyo hivyo, na bahati mbaya haichagui idara.

Familia inamshukuru daktari yule wa hospitali ya rufaa na wauguzi wa wodi namba nne, inawashukuru majirani mliompeleka kliniki kwa zamu, na wafanyakazi wenzake mlioacha kazi leo mkijua mtakatwa mshahara. Kampuni hatuishukuru. Shada lake la maua lililetwa asubuhi, mjane ameagiza liwekwe nje ya uzio wa nyumba hii, na huko ndiko liliko.

Mwisho, daktari yuko nasi, ndiye aliyekaa karibu na mlango, amekubali kubaki hapa baada ya mazishi. Yeyote wa idara ya rangi, wa zamani au wa sasa, aliyeona damu hata mara moja, asione haya, aende akaseme naye leo, kabla hajavuka uzio huo.

Pumzika kwa amani, Samawati, hasira tuachie sisi.