Posa ya Lalla Batoul

BATOUL: Haloo? Ni nani? Sioni jina, miwani iko ndani ya begi.

HASNAE: Nani mwingine, Mama? Ni mimi, Hasnae.

BATOUL: Hasnae wangu. Hujambo, mama? Umeshindaje? Umekula—

HASNAE: Sijambo, sijala, niko stesheni ya Meknes. Treni ya kutoka huko imefika. Watu wameshuka, mizigo imeshuka, mpaka jogoo wa bibi mmoja ameshuka. Mama yangu hajashuka.

BATOUL: (anacheka kidogo) Jogoo amepanda treni?

HASNAE: Usinizungushe. Uko wapi?

BATOUL: Ngoja nigeuke, upepo huu... [mvumo] ...sasa unanisikia?

HASNAE: Upepo nausikia wote, wewe nakusikia nusu.

BATOUL: Nasema niko stesheni. Ya huku, Asilah.

HASNAE: Treni imeondoka Asilah na wewe umesimama unaiangalia?

BATOUL: Sikusimama. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi.

HASNAE: Mama, unaumwa? Presha? Mpe simu Mama mdogo Zhor.

BATOUL: Zhor nimemwacha nyumbani, hafai kitu, anacheka tu wiki nzima. Siumwi, mwanangu. Nalala usingizi wa mtoto mchanga. Na kula, usiniulize. Jana nimekula sardini wa kuchoma mpaka Zhor akaninyang'anya sahani.

HASNAE: Wewe?

BATOUL: Mimi.

HASNAE: Wewe uliyekuwa hushiki kijiko hapa nyumbani mpaka nikukumbushe? Mimi ndiye niliyekusukuma upande treni, nikasema nenda kwa mdogo wako ukakae karibu na bahari, upumzike, urudi. Niliposema urudi hukunisikia?

BATOUL: Nilisikia. Bahari nayo ina mambo yake, Hasnae. Mwaka huu wachoraji wanaopamba kuta za mji wamemchorea Zhor jicho kubwa kwenye ukuta wa nje. Anasema linamkodolea anapoanika nguo, sasa nguo za ndani anaanika—

HASNAE: Mama.

BATOUL: Nini?

HASNAE: Zhor anacheka nini wiki nzima?

[kimya]

HASNAE: Haloo?

BATOUL: Nipo. Mtandao tu.

HASNAE: Mtandao uko salama kabisa. Nakusikia mpaka unavyomeza mate. Sema.

BATOUL: Unakumbuka ile koni ya sukari niliyomchukulia Zhor? Ile kubwa, ya karatasi ya buluu?

HASNAE: Nikakwambia sukari nzito ya nini, mchukulie biskuti.

BATOUL: Basi nimefika nayo, kumbe Zhor daktari amemkataza sukari. Ikakaa mezani. Sasa jirani, ukuta kwa ukuta, akaleta sahani ya sardini. Amesikia Zhor ana mgeni.

HASNAE: Jirani nani?

BATOUL: Jirani tu. Bwana Mfeddal, Si Mfeddal wanavyomwita. Mzee mmoja, alikuwa akikagua tiketi kwenye treni mpaka akastaafu. Mkewe alishatangulia mbele ya haki.

HASNAE: Ahaa.

BATOUL: Hakuna ahaa. Sahani ya watu utairudisha tupu? Hairudi tupu. Nikazunguka jikoni, Zhor hajaenda sokoni, hakuna yai, hakuna tunda, hata mkate umebaki kipande. Nikaona sukari ile pale. Nikaiweka kwenye sahani, nikaizungushia majani ya nanaa ipendeze, nikatoka nje—

HASNAE: Ngoja. Ngoja kwanza. Ulitoka nje na koni ya sukari kwenye sahani, na nanaa?

BATOUL: Nilifunika na kitambaa.

HASNAE: Kitambaa gani?

BATOUL: Kile cheupe cha Zhor. Chenye nakshi.

HASNAE: (anaanza kucheka) Mama. Ukaenda ukabisha hodi kwa mwanamume mjane. Saa ngapi?

BATOUL: Baada ya alasiri.

HASNAE: Wakati wanawake wote wa kichochoro wako vibarazani. Mama, sukari ya koni anapeleka nani, na anapeleka wapi?

BATOUL: Najua—

HASNAE: Upande wa bwana harusi. Wanapokwenda kuposa. Sukari, nanaa, kitambaa cheupe, umesahau nini? Wapiga ngoma?

BATOUL: Ngoma hazikuwepo. Lakini Lalla Ftouma wa nyumba ya tatu alipiga kigelegele.

HASNAE: (anacheka hadi anakohoa) Mama yangu amekwenda kuposa mwanamume.

BATOUL: Cheka. Zhor alikaa chini sakafuni. Na mimi nimesimama pale mlangoni kwa watu, mlango unafunguliwa, mzee anaangalia sahani, ananiangalia mimi, anaangalia kichochoro. Nikamkabidhi nikakimbia. Mimi na magoti haya. Kesho yake sikutoka nje hata kutupa taka.

HASNAE: Naye?

BATOUL: Naye nini?

HASNAE: Usijifanye hujui. Alifanya nini?

BATOUL: ...[mvumo]... na maziwa.

HASNAE: Sikusikia. Sogea mahali pasipo na upepo.

BATOUL: Nasema jioni akabisha hodi. Jalabia safi, ndevu zimekatwa, na dada yake mkubwa nyuma, kabeba sinia la tende na maziwa.

HASNAE: La ilaha illallah. Kama wanavyopokewa waposaji.

BATOUL: Akakaa, akanywa chai glasi mbili. Kisha akaweka glasi chini, akasema, Lalla Batoul, nimesikia mtaani kwamba nimeposwa. Nimekuja kuomba muda wa kufikiri, maana mimi si wa kuchukuliwa hivihivi, nina dada.

HASNAE: Alisema hivyo?

BATOUL: Uso mkavu kabisa, hata hatabasamu. Hasnae, nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

HASNAE: Ulicheka.

BATOUL: Mbele za watu.

HASNAE: (taratibu) Mama, sijakusikia ukicheka tangu Baba atutoke.

BATOUL: Hata mimi nilishtuka. Nikajiambia, kumbe bado imo.

HASNAE: Haya. Halafu?

BATOUL: Basi ikawa kila siku anakuja mlangoni kunipa taarifa. Leo bado nafikiri. Leo nimefikiri mpaka adhuhuri, nikachoka. Leo nimemuuliza dada yangu, anasema mchumba ana umri mzuri lakini anatoka mbali. Kichochoro kizima kinasubiri. Na tunatembea kidogo, mimi na yeye na Zhor, mpaka ukutani pale juu ya bahari. Zhor anajifanya kiatu kimemlegea, anabaki nyuma.

HASNAE: Kila siku kiatu kimoja?

BATOUL: Anabadilisha mguu.

HASNAE: Kwa hiyo Mama mdogo naye yumo. Nimetuma mgonjwa akapunge upepo, nimetuma kwa makuwadi.

BATOUL: Adabu.

HASNAE: Samahani. Endelea. Leo je?

BATOUL: Leo nimeaga, nimefunga begi, Zhor amelia, nimefika hapa stesheni na tiketi mkononi. Treni inaingia. Namwona huyo anakuja mbio, mzee wa watu, kofia mkononi, pumzi hana. Akasema, Lalla Batoul, nimemaliza kufikiri.

HASNAE: Akasema nini?

BATOUL: ...[mkwaruzo]...

HASNAE: Haloo? Usinikatikie hapa, Mama. Akasema nini?

BATOUL: Amekubali.

[kimya]

BATOUL: Hasnae? Mtandao?

HASNAE: Mtandao uko salama.

BATOUL: Nilirudi nikakaa kwenye benchi, begi mapajani. Treni ikaondoka. Akakaa pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati, akasema, mzaha umekwisha, sasa naongea kama mtu mzima. Sukari yako ilikuwa ya bahati mbaya, tende zangu hazikuwa. Nataka nikuoe kwa heshima, mbele ya watu wako. Walii wako wa kukuozesha ni nani?

HASNAE: Ukamwambiaje?

BATOUL: Nikamwambia, wa sheria tutampata, kaka yangu yuko Taza. Lakini nyumbani kwetu mwenye kauli ni binti yangu. Yeye ndiye aliyenilisha na kijiko. Asipotaka, haliendi.

HASNAE: Mama, usinibebeshe mimi.

BATOUL: Sikubebeshi. Nakuuliza. Ndiyo maana sikupanda treni, na ndiyo maana sijamjibu. Tangu asubuhi nimekaa hapa benchini, nashindwa kukupigia. Ipo treni nyingine jioni. Ukisema rudi, narudi, na sitakununia.

HASNAE: Hutaninunia?

BATOUL: Kidogo. Siku mbili.

HASNAE: Anavuta sigara?

BATOUL: Aliacha.

HASNAE: Anasali?

BATOUL: Msikitini, na hamwambii mtu.

HASNAE: Anakoroma?

BATOUL: Hasnae, mimi nitajuaje?

HASNAE: Anayeuliza ni walii, si mimi. Ukali ana? Watoto wake wanasemaje?

BATOUL: Ana mmoja, yuko Tangier. Alipiga simu jana, akasema, Baba, mchukue kabla hajaonja chai yako.

HASNAE: Huyo mtoto namwelewa. Na mtakaa wapi?

BATOUL: Hatujafika huko. Nyumba yake ina vyumba vitatu, jua linaingia asubuhi, jiko linahitaji chokaa tu—

HASNAE: Hamjafika huko lakini jiko ushalipaka chokaa.

BATOUL: (anacheka)

HASNAE: Mama. Na Baba?

[ndege wa baharini]

BATOUL: Baba yako yuko palepale, mwanangu. Hakuna aliyeambiwa ahame. Nilimweleza Si Mfeddal siku ya kwanza, hata tulipokuwa bado tunataniana. Nilimwambia, mimi kila Alhamisi namsomea marehemu mume wangu Kurani. Akasema, na mimi namsomea mke wangu, tutasoma pamoja. Nikaona huyu hajaja kufuta mtu.

HASNAE: (pua imeziba) Ijumaa nitakula na nani mimi?

BATOUL: Hapo ndipo ninaposhikwa. Usiku nikilala nafikiria kiti chako.

HASNAE: Nitapika kuskusi ya mtu mmoja, nionekane kichaa.

BATOUL: Basi narudi. Nisikilize, narudi jioni, tusahau—

HASNAE: Nani amesema urudi? Nalia tu. Mtu haruhusiwi kulia stesheni? Kila mtu hapa analia, ndiyo kazi ya stesheni.

BATOUL: Hasnae wangu.

HASNAE: Naogopa ile nyumba, Mama, ndiyo ukweli. Lakini ulivyokuwa umekaa humo umegeukia ukuta niliogopa zaidi. Yuko wapi huyo mzee sasa hivi?

BATOUL: Kasimama kule kwenye ubao, anajifanya anasoma ratiba ya treni. Mtu aliyekagua tiketi kwenye treni hizo maisha yake yote.

HASNAE: Mpe simu.

BATOUL: Utamwambia nini?

HASNAE: Mpe, Mama, salio langu haliko vizuri.

BATOUL: Usimtishe. Si Mfeddal... (mbali) njoo, walii anakuita.

[mkwaruzo]

MFEDDAL: Asalaam alaykum, binti.

HASNAE: Waalaykum salaam, Ami. Umzima?

MFEDDAL: Alhamdulillahi. Nilikuwa mzima mpaka simu ilipolia.

HASNAE: Nasikia mnamtaka mtu wetu.

MFEDDAL: Kwa heshima zote, binti, nyinyi ndio mlioanza kuja.

HASNAE: (anacheka bila kutaka) Hilo nakubali. Ami, mama yangu akinyamaza sana, si hasira. Ni huzuni. Usimwachie akae nayo peke yake. Mtoe nje, hata kama hataki.

MFEDDAL: Nimekuelewa.

HASNAE: Na dawa ya presha ni asubuhi, kabla ya kahawa. Anasahau makusudi.

MFEDDAL: Leo amesahau?

HASNAE: Muulize. Atakwambia amekunywa.

MFEDDAL: (mbali) Lalla Batoul, dawa umekunywa? ... Anasema amekunywa.

HASNAE: Umeona?

MFEDDAL: Nimeona. Binti, na wewe je? Sikuja kumchukua mama wa mtu nikamwacha mtu gizani. Chumba cha tatu ni chako. Sisemi kwa adabu, nasema kwa kweli.

[mlio wa salio]

HASNAE: Nipe Mama, Ami. Salio linaisha.

BATOUL: Haya, niko hapa. Amekwambia nini? Mbona mzee amevaa kofia na kuvua mara mbili?

HASNAE: Dawa hukunywa.

BATOUL: Nitakunywa sasa hivi. Hasnae, hujajibu. Nijue moja, treni ya jioni naipanda au siipandi?

HASNAE: Subiri, niko dirishani hapa. (mbali na simu) Dada, habari. Nataka tiketi ya Asilah, ya kesho asubuhi. Kwenda na kurudi.

BATOUL: Hasnae? Unaongea na nani?

HASNAE: (mbali) Mmoja tu. Hapana, kurudi pia ni mimi peke yangu. Ndiyo, yuleyule mama niliyekuwa namtafuta. Amepatikana, lakini harudi. Anaolewa.

[mlio wa salio]

BATOUL: Mwanangu—

HASNAE: Nimechelewa kazini, Mama, baki salama, mpeleke mzee huyo nyumbani akapumzike, na mwambieni Zhor avae viatu vinavyom—

[simu imekatika]