Mkono Uliopapasa Shingo Zetu

Tunayemzika leo ni mjomba wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Shingo. Alizaliwa tarehe 9 Mei 1921, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mkulima na mama mfinyanzi. Nyumba alimozaliwa haipo. Mwaka 1933 serikali ya wakoloni iliamuru vijiji vyote vya kando ya mto vihamishwe kwa sababu ya mbung'o, wale nzi wanaoeneza malale, na mapaa ya nyasi yakachomwa moto wenyewe wakitazama.

Masomo aliyoyaanza mwaka 1929 yalikatikia hapo, darasa la nne. Hata hivyo alijua kusoma na kuandika, na mwaka 1941 akapata kazi katika kikosi cha malale. Mwanzoni alitembea vichakani na kitambaa cheusi mgongoni ili mbung'o wamfuate na wenzake wawanase kwa wavu. Baadaye alipandishwa cheo, akawa mpapasaji. Watu walipanga foleni mbele ya meza ya karani, naye akasimama nyuma yao na kupapasa shingo moja moja, akitafuta tezi zilizovimba. Akisema "mzima," mtu alirudi nyumbani. Akisema "tezi," mtu alipandishwa lori kwenda kambi ya wagonjwa, ambako sindano ziliponya wengi na kupofusha baadhi. Watu waliiogopa kambi kuliko ugonjwa wenyewe.

Kazi hiyo haikumtoka vidoleni. Nilipomleta mchumba wangu nyumbani mwaka 1968, mjomba alimzunguka, akampapasa shingo, akatangaza, "Huyu mzima, aoe." Mume wangu mpaka leo anasema alidhani ananyongwa.

Mjomba mwenyewe alifunga ndoa tarehe 1 Desemba 1951 na fundi cherehani. Alimwambia wazi siku ya kwanza, "Nina mtoto, na sijawahi kuoa." Mtoto huyo nilikuwa mimi, wa dada yake. Mkaza mjomba alicheka, akanikatia gauni siku hiyo hiyo.

Sasa nifike pale alipotaka nifike. Mwishoni mwa Mei mwaka huu, figo zilipokuwa zimeshamchosha kabisa na miguu imevimba, aliniita chumbani kwake, akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Siku ya kunizika usinipambe kwa maneno, mama," aliniambia. "Waambie."

Nawaambia. Agosti 1947 mama yangu alisimama kwenye foleni ile, mimi nikiwa kifuani kwake. Vidole vya mjomba vilikuta tezi mbili.

"Ni mimi," mama alisema bila kugeuka.

"Najua, dada."

"Mtoto bado ananyonya."

Mjomba akamwambia karani, "Mzima."

Mama alianza kusinzia akipika, kisha akiongea na watu. Alifariki Machi 1949. Waliopandishwa lori siku ile ya foleni walikuwa kumi na mmoja, na tisa walirudi kwa miguu yao. Mjomba alikuwa akikutana nao sokoni. Hakuacha kazi mpaka kikosi kilipovunjwa mwaka 1960, wala hakumpitisha tena mtu mwenye tezi, alie asilie. Wengi walimchukia.

Nami nilimchukia, siku kumi na mbili. Sikukanyaga kwake. Jumapili roho ikanisuta, nikaenda. Alikuwa hawezi tena kuongea vizuri. Niliketi ukingoni mwa kitanda, nikampa mgongo, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni kila nikiumwa. Alinipapasa shingo polepole. "Mzima," akasema, kisha akangoja. Nilijua anangoja nini.

"Nitakuja Alhamisi, mjomba," nikasema.

Alhamisi hiyo, tarehe 14 Juni 2012, nilifika saa tano asubuhi. Alikuwa amefariki saa nne.

Ameacha watoto watatu, mpwa mmoja, wajukuu kumi na wawili na vitukuu wanne. Mkewe alimtangulia mwaka 2003.

Mjomba, nimekusamehe. Nilikuwa nakuja kukwambia. Pumzika sasa.